Jasi kwenye Ukuta wa Mwalimu Goreti

Vijana wangu, Jumapili iliyopita mlinizunguka nje ya kanisa mkaniuliza: "Baba Zakaria, tufanye nini ili watu watambue Mungu anapowaonya?" Mliniuliza kwa heshima kubwa, na daftari mmeshafungua. Nikasema nitawaandikia. Ukweli ni kwamba nilitaka muda wa kufikiri, maana mlikuwa mnamuuliza mtu aliyelipwa miaka mingi kuficha maonyo.

Mimi nilikuwa mwashi. Nimejenga Kamenge, nimejenga Gihosha, nimepiga lipu Kinanira kwa watu ambao hawakunikaribisha hata maji. Lakini jina langu mjini lilitokana na nyufa. Ukiwa na ukuta uliopasuka na wakwe wanakuja Jumamosi, unaniita Alhamisi. Naziba, nasugua, napaka rangi, na mkwe anakaa chini ya ufa huo anakunywa fanta yake kwa amani. Nilivimba kichwa kwa sifa hizo.

Halafu Jumapili navaa suti na kuwaonya watu. Siku sita nilificha nyufa, siku ya saba nilipiga kelele kuhusu mwisho wa dunia, na sikuona tatizo lolote. Nilikuwa nimeokoka karibuni, na aliyeokoka karibuni anaona ishara kila mahali. Mbuzi akipanda juu ya mchanga wangu, ni ishara. Umeme ukikatika, ni ishara, ingawa hapa Bujumbura kwa hesabu hiyo Mungu angekuwa hapumziki.

Siku moja huko Kinanira tangi la maji la tajiri mmoja lilianza kuvuja wakati napiga lipu. Nikashuka kwenye ngazi, nikamwambia, "Patroni, Mungu anakuonya." Akaangalia tangi, akaniangalia mimi.

"Zakaria," akasema, "nimuite Mungu ao nimuite plombye?"

Akamwita fundi wa mabomba. Mimi akaniambia nisirudi kesho.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Shabani wa Buyenzi, Mwislamu wa ukoo wa mafundi, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Alikuwa akisikia adhana anaweka mwiko kwenye ndoo, anaenda kuswali, anarudi, na saruji bado haijaganda. Sijui alipimaje. Nilipomsimulia habari ya Kinanira alicheka mpaka akakaa juu ya tofali.

"We Zakaria, unamukumbusha mutu moto hata kabla ya kumusalimia," akasema. "Njoo apa. Iyi ufa inasema nini?"

Akanionyesha mistari myembamba kama nywele kwenye lipu. Nikasema ni hatari. "Apana. Iyo ni lipu ilikauka mbio, hakuna kitu. Na ile?" Ule mwingine ulianzia kona ya dirisha, ukashuka kwa mshazari hadi chini, na juu ulikuwa mpana kuliko chini. "Ile ndio inaongea. Msingi unakwenda. Mutu anapiga kelele kwa zote mbili, mwisho hakuna mutu anamusikiliza."

Shikeni hilo kwanza, vijana. Jifunzeni kutofautisha lipu na msingi. Mwenzenu amechelewa ibada mara moja, hiyo ni lipu. Msimkusanyikie.

Kitu cha pili alichonifundisha ni kiraka cha jasi. Ukiwa na wasiwasi na ufa, usiuzibe. Toa lipu pande zote mbili mpaka uone tofali, safisha vumbi, lowesha maji. Koroga jasi laini, bandika kipande cha ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, kikae juu ya ufa, kikishika huku na huku. Katikati kiwe chembamba. Usitumie saruji, saruji ina kiburi, inaweza kubanduka nzima bila kusema kitu. Jasi ikivutwa kidogo tu inakatika. Halafu andika tarehe juu yake kwa penseli nzuri. Mimi miaka yangu ya mwisho nilisumbuliwa sana na penseli mbaya, nilibadilisha maduka matatu. Baada ya hapo unaenda zako. Ukirudi ukakuta jasi nzima, ukuta umetulia. Ukiikuta imekatika, nyumba inatembea.

Nilijifunza hayo yote, nikayaweka kichwani, nikaendelea kuziba nyufa kwa ajili ya wakwe. Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Goreti.

Wengi wenu mnamjua kama yule bibi wa kiti cha mbele mwenye miwani ya kamba. Alifundisha hesabu maisha yake yote, na alikuwa kiongozi wa mama wa maombi. Nyumba yake ilikuwa Gihosha, ukingoni kabisa mwa korongo la Ntahangwa. Marehemu mume wake aliijenga kwa mkono wake mwenyewe, na wakati anajenga, kati ya ua na korongo palikuwa na nafasi ya kucheza mpira. Mimi nilipoanza kwenda pale, palikuwa na nafasi ya kuanika shuka.

Ufa wa sebuleni niliuziba mara ya kwanza kwa ajili ya kuondoa matanga ya mume wake. Mara ya pili ilikuwa Noeli, kaka yake alikuwa anakuja. Mara ya tatu akaniita akiwa na furaha, anasema binti yake Nadine anakuja kukwewa, yaani kutolewa mahari, na sherehe ya dot ni baada ya wiki tatu, hapo hapo sebuleni, na wazee watakaa upande wa korongo kwa sababu kuna upepo.

Nikaangalia ufa. Kazi yangu ya Noeli ilikuwa imefunguka, na ncha ya kidole changu kidogo iliingia ndani. Ulianzia kona ya dirisha, mpana juu. Nikatoka uani nikauona umevuka veranda na kuingia kwenye udongo. Masika yalikuwa yanaanza. Nikawahesabu kichwani wale wazee wa pande mbili, na mama wa maombi, na Nadine na mchumba wake, wote wameketi juu ya kitu kile.

Sasa fundi mwenye akili angefanya nini? Mimi nilienda nyumbani nikavaa suti.

Nilirudi nikiwa na Kitabu kwapani. Nikasimama katikati ya sebule, nikanyoosha mkono kwenye ufa, nikaanza: ghadhabu, moto, siku ya Bwana, yote. Sauti yangu wakati huo ilikuwa inafika barabarani. Mwalimu Goreti alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akawaita mama wa maombi waliokuwa jikoni wanachambua maharage.

"Wamama, njooni. Fundi amepandwa na roho ya woga."

Walikuwa saba. Walinipigisha magoti, wakaniwekea mikono, wakanimwagia mafuta kichwani. Nguo nilikuwa nimebadilisha, lakini nywele nilikuwa sijaosha, zilikuwa na saruji ya asubuhi. Nawaambia vijana, mafuta na saruji na jasho, saa nzima. Usiku ule mke wangu alinisugua kichwa kwa jiwe la miguu.

Kabla sijaondoka Mwalimu Goreti alinieleza kwa upole kwamba ishara zake anazo. Ameota marehemu amekaa sebuleni anakunywa chai. Na chini ya paa kuna kiota cha inyamanza, kile kindege kinachotingisha mkia, na inyamanza hajengi kwenye nyumba mbaya.

"Mungu alishasema nami," akasema. "We ziba tu ufa, mwanangu."

Nilimwomba jambo moja, niweke kiraka cha jasi kwanza, nitaziba wiki inayofuata. Akakubali kunifurahisha. Nikabandika, nikaandika tarehe.

Baada ya hapo mvua ikakata. Wiki nzima jua kali, mpaka mbwa wanatafuta kivuli. Nilirudi nikakuta jasi nzima, safi, inaniangalia. Zimebaki siku kumi na nne kufika dot. Nilijua ufa ule unatembea, niliona kwa macho yangu miaka yote ile, lakini siku ile nilipouhitaji ukakataa kuongea. Mwalimu alikuwa uani anamwagilia maua. Nikageuza mwiko. Nikagonga jasi kwa mpini, mara moja, taratibu, ikakatika.

"Mwalimu! Njoo uone! Mungu amesema!"

Alikuja akifuta mikono. Akavaa miwani. Aliinama karibu na ukuta kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akafungua kabati, akatoa rula.

"Zakaria. Siku uliyoweka iyi kitu, mi nilipima ufa. Ilikuwa milimita saba. Leo ni milimita saba." Akaweka kidole katikati ya jasi, kwenye kishimo cha duara. "Na apa, Mungu aligonga na nini? Na mpini?"

Nilificha mwiko nyuma ya mgongo. Alivua miwani, na hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Umepata sifuri," akasema. "Mi nilikuwa nimeanza kuogopa kidogo, nikwambie kweli. Sasa siogopi tena. Kama onyo lingekuwa la kweli, usingelitengeneza."

Nilitembea kutoka Gihosha hadi Buyenzi kwa miguu, na mwiko mkononi. Nilikuwa na aibu, na zaidi ya aibu nilikuwa na hofu, kwa sababu sasa Mwalimu na wageni wake wangekaa pale kwa kosa langu. Mzee Shabani alikuwa ameshaacha kazi, amekaa mlangoni kwake na kikombe cha kahawa. Nikamweleza yote. Hakucheka.

"Subhanallah," akasema. "Umemusemea Mungu uongo."

"Nilitaka kumuokoa, Mzee."

"Najua. Sikiliza. Kazi yako ni kuweka jasi. Kuvunja si kazi yako. Kuna mwenye kuvunja." Akanywa kahawa yake. "Na tena, we uliweka jasi, we uliandika tarehe, we uliangalia. Mwalimu, ye alifanya nini? Alitazama maigizo yako. Rudi, omba musamaha. Mupe ndoo ya jasi ye mwenyewe. Halafu funga mdomo."

"Na kama hataona?"

"Ni mwalimu wa hesabu, sha. We ndio hujui kusoma."

Nilirudi kesho yake. Niliomba msamaha nikiwa nimesimama mlangoni, na alinichelewesha pale pale kwa sababu alikuwa anamalizia kupanga kabati. Nikamwambia sitasema tena habari za moto. Naomba tu aweke vile viraka yeye, kwa mkono wake, na apime yeye. Vikikaa salama mpaka siku ya dot, nitaziba ufa na kupaka rangi bure, na nitatangaza kanisani kwamba nilikuwa mwongo.

Hilo la mwisho lilimpendeza. Alikunja mikono ya gauni, akakoroga jasi. Aliweka viraka vitatu, chini, katikati na juu, vimenyooka kuliko vyangu. Akavichorea mstari wa pembeni kama daftari la mwanafunzi, akaandika tarehe kwa penseli yake nyekundu. Mimi nilishika ndoo tu.

Kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika uashi. Nilikuwa na kazi ndogo jikoni kwake, kwa hiyo nilipita pale kila siku. Nilinunua karanga kila asubuhi, nikihisi neno linapanda, najaza karanga mdomoni. Mama wa maombi walidhani nina minyoo. Siku ya tatu mvua ilirudi, ikanyesha jioni nzima na siku iliyofuata. Mimi natafuna. Mwalimu anasema, "Mvua ya baraka." Mimi natafuna.

Siku ya sita asubuhi simu ikaita. "Njoo," akasema, akakata.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti kimoja mbele ya ukuta, chai imepoa magotini. Viraka vyote vitatu vilikuwa vimekatika. Tarehe zake nyekundu zimegawanyika, siku upande huu, mwezi upande ule.

"Juzi ilikuwa milimita nane," akasema bila kugeuka. "Jana kumi. Leo kumi na tano. Na mlango wa chumba yangu haifungi tena." Akaelekeza kidole juu, kwenye paa. "Inyamanza alihama wiki iliyopita. Mi nilifunga madirisha nisione."

Halafu akalia. Alisema kila tofali la ukuta ule mume wake alilibeba begani, na kwamba kuondoka ilikuwa kama kumzika mara ya pili. Mimi pia nikalia, na karanga mdomoni, nusura nipaliwe. Akanipiga mgongo.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Mwalimu! Nilikuambia!"

"Uliniambia mambo ya moto. Habari ya ukuta hukuniambia."

Andikeni hilo kwenye daftari zenu.

Siku ile ile tulianza kubomoa. Yeye ndiye aliyetoa amri na mama wa maombi ndio waliobeba: milango, madirisha, mabati, na matofali ya marehemu tuliyoweza kuyafikia bila kujiua, kuanzia upande wa barabara. Dot tuliihamishia kwangu Kamenge, kwenye ua ambao ukiweka ng'ombe hakuna nafasi ya mchungaji. Msemaji wa upande wa mchumba alitoa hotuba yake yote amesimama mlangoni pa choo, maana ndipo palipobaki, na kila alipofika kwenye sehemu tamu kuna mtu alimwomba apishe. Wakwe walicheka mpaka wakasahau kubishana. Nadine mpaka leo anasema ni dot nzuri kuliko zote alizoona.

Tulikuwa tunakata keki mvua ilipoanza kunyesha tena. Jumatatu tulipanda Gihosha na Mwalimu kwenda kuangalia. Sebule haikuwepo. Veranda haikuwepo. Pale ambapo wazee wangekaa kwenye upepo palikuwa na hewa tupu, na chini kabisa maji mekundu yanapita. Mwalimu alinishika mkono kwa nguvu, akasema "Mana yanje", Mungu wangu, mara tatu.

Kwa matofali yale nilimjengea vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu. Yeye alishika timazi, na kila nilipopotoka kidogo aliniambia.

Tangu siku ile sikuziba tena ufa bila kuweka jasi kwanza, na nilimwachia mwenye nyumba rula. Wengine walinifukuza. Wengi walipima. Jasi ikikatika na watu wakahama au wakajenga upya, nilibandua vipande nikampelekea Mwalimu Goreti, naye aliviweka kwenye kopo la biskuti ili awaonyeshe mama wa maombi. Kopo likajaa, akaanza la pili.

Labda mnataka kujua niliachaje kazi. Watu wanadhani nilichoka. Sikuchoka. Nilikuwa bado napanda ngazi, ingawa mwiko ulinidondoka mara mbili, mara ya pili karibu na kichwa cha mwenye nyumba, nikasema ni mafuta kwenye mpini. Na penseli, nimeshawaambia habari za penseli.

Siku moja mchana Mwalimu aliniita chumbani kwake kunywa chai. Juu ya meza alikuwa amevipanga vile vipande vya jasi, kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, vyote vyenye tarehe nilizoandika mimi.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Vya mwanzo mwandiko ulikuwa umenyooka. Vya katikati ulianza kulala. Vya mwisho ilikuwa kama kuku amepita juu ya jasi mbichi. Nikaanza kumtukana muuza penseli. Mwalimu alinisukumia sahani yenye kiraka kipya cha jasi, kimekauka vizuri, na penseli yake nyekundu, ile ile, imechongwa.

Niliandika tarehe ya siku ile. Nilishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na bado ulitetemeka. Nikaangalia nilichoandika. Nikafikiria ngazi ya nyumba nyingine huko Kinanira, ghorofa mbili, niliyotakiwa kuipanda kesho yake. Niliinua macho nimuulize kwa nini hasemi kitu, nikaona mashavu yake yamevimba. Mdomo wake ulikuwa umejaa karanga.

"Mwalimu," nikasema, "nimeshuka ngazi."

Alimeza kwa shida, akanywa chai. Halafu akachukua penseli, na pembeni ya tarehe yangu iliyopinda akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: kumi juu ya kumi.